Raha ya roki inaingilia kifuani, ndiyo maana masikio unaweza kuyaziba

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nasoma Leeds, mwaka wa pili. Nyumbani Tanga tulikulia taarabu ya mama na bongofleva ya kaka. Roki niliiona kelele za Wazungu wenye nywele ndefu. Mwezi uliopita wenzangu wa darasani walinivuta tukaone bendi ya metali, ile roki nzito, nikaenda shingo upande. Wimbo wa kwanza tu kifua kikatetemeka, vinyweleo vikasimama, na kufika katikati nilikuwa natokwa machozi bila kujua nalilia nini. Masikio yalipiga mluzi siku mbili. Tangu hapo nasikiliza nyimbo zilezile kwenye simu, hazinifanyi kitu. Tena nilikwenda kwenye onyesho jingine, sauti kubwa hata zaidi, nikaambulia kuumwa kichwa. Ile hali ilitoka wapi? Na je, nimeshajiharibu masikio? Nina tiketi nyingine ya Novemba.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. La masikio ndilo lenye haraka, nianze nalo kwa ufupi, nitalirudia. Kama mluzi ulikwisha kabisa na sasa unasikia maneno ya watu hata penye kelele kama ulivyozoea, huna sababu ya kukosa usingizi. Ila ule mluzi ulikuwa malalamiko: sikio lilipigwa kupita kiasi likachoka, na si kila mara likichoka hurudi lilivyokuwa. Ungekuwa umeamka sikio moja limekufa ghafla, ningekwambia uache kusoma hapa uende kwa daktari siku hiyohiyo, maana uziwi wa ghafla una dawa inayofaa zaidi ikiwahiwa, na watu huupoteza muda huo wakidhani ni nta.

Sasa ile raha. Nimekaa nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, zaidi ya miaka 20. Nilianza Dar es Salaam nikiwa kijana wa kukunja nyaya kwenye bendi ya dansi. Jukwaa la baa tuliyopiga lilikuwa limeinama, na kasha la spika ya besi lilitambaa lenyewe kila wimbo ukikolea, kwa hiyo kazi yangu ya pili ilikuwa kulikalia. Usiku kucha nimeketi juu ya besi. Nakuambia bila aibu, nyimbo zile nilizijua kwa makalio kabla ya kuzijua kwa masikio. Mpiga besi akikosea, wa kwanza kushtuka ni mimi. Baadaye nilipopata kazi Ulaya kwenye kampuni ya kukodisha mitambo na kuanza kuzunguka na bendi za roki, niliikuta raha ileile, safari hii imekuzwa mara elfu na watu wamelipa tiketi waje kuikalia.

Chukua gitaa la besi. Waya wake mnene kuliko yote, ukipigwa wazi, unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Sauti hewani inakimbia mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20, kwa hiyo wimbi moja la noti hiyo lina zaidi ya mita 8. Ni refu kuliko Coaster ya abiria. Kitu cha ukubwa huo hakipiti kwenye tundu la sikio peke yake, kinakukumba mzima. Kifua chako nacho ni kasha lenye hewa ndani. Kikisukumwa na kuvutwa mara 40, 50, 60 kwa sekunde, kinaitikia.

Njoo siku moja tukipima mitambo uone. Saa tisa alasiri, ukumbi mtupu, mpiga ngoma anakanyaga ile ngoma kubwa ya mguu peke yake, du, du, du, dakika 10 nzima, huku mimi nazungusha vitufe. Kisha nashuka nikasimame hatua chache mbele ya sabufa, yale maspika makubwa ya besi. Pindo la suruali linapepea. Maji kwenye chupa iliyobaki nusu yanafanya vijiduara. Naweka kiganja hapa, kwenye chembe cha moyo, na hapo ndipo ninapojua kama imekaa au bado. Mita za kwenye skrini nitaziangalia baadaye.

Simu yako haina uwezo wa kutoa wimbi la namna hiyo. Spika yake ni ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Ukivaa hedifoni besi utaisikia, lakini itaishia kichwani, kifua hakitajua kama kuna sherehe. Na kuna jambo jingine ambalo Harvey Fletcher na Wilden Munson walilipima huko Marekani mwaka 1933: sikio la binadamu halisikii masafa yote, yaani sauti nzito hadi nyembamba, kwa usawa. Sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayopotea kwanza. Ukiipandisha, besi inarudi, muziki unanenepa, unajaa. Wimbo ni uleule, ila kwa sauti ya chini unasikia mifupa yake, na kwa sauti ya juu unakuja na nyama. Wenye matatu Nairobi na wenye vigodoro Dar wanalijua hilo bila kusoma karatasi ya mtu.

Halafu kuna jirani zako wa Manchester. Mwaka 2000 Neil Todd na Frederick Cody wa chuo kikuu cha huko walionyesha kwamba muziki wa mdundo ukivuka desibeli 90 hivi (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) unakiamsha kifuko kimoja cha sikio la ndani kiitwacho sakula. Kazi ya sakula ni mizani: ndiyo inayouambia ubongo kwamba mwili unapanda, unashuka, unayumba. Umesimama wima, miguu iko sakafuni, lakini kiungo cha mizani kinapiga kelele kwamba kuna mwendo. Todd aliilinganisha raha hiyo na ya bembea. Mimi nikiisoma mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu ndivyo hasa nilivyojisikia juu ya lile kasha la besi: mtoto kwenye pembea.

Na mwili unaitikia hata pale usipojua. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwafunga watu vipimo vya mwendo kichwani katika onyesho halisi la muziki wa elektroniki, wakawa wanawasha na kuzima spika maalumu za besi ya chini sana, chini kiasi kwamba huwezi kusema umeisikia. Zikiwashwa, watu walicheza kwa asilimia 11.8 zaidi. Haikuwa roki, lakini sabufa haiulizi unapiga muziki gani.

Yale machozi, hata hivyo, sidhani yaliletwa na besi peke yake. Ulikuwa na watu. Mwanadamu akifanya kitu kimoja na maelfu kwa wakati mmoja, akiruka nao, akiitikia nao, ule uzio wa mimi na yeye unalegea. Hili wewe wa Tanga hupaswi kufundishwa na mimi: umeona wanawake ukumbini taarabu ikifika penyewe, wanavyoinuka kwenda kutunza, mmoja analia, mwingine anacheka, na wote wamesikia ubeti mmoja. Roki ina ibada yake hiyohiyo, imevaa fulana nyeusi tu.

Na aliyeiweza kuliko wote alizaliwa ng'ambo ya maji kutoka kwenu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, dunia ikaja kumwita Freddie Mercury. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid pale Wembley, London, bendi yake ya Queen ilipewa dakika 20 hivi, mchana kweupe, bila taa za kubabaisha, mbele ya watu wapatao 72,000 ambao wengi hawakuwa wamekuja kwa ajili yao. Katikati akasimama peke yake na kile kipande cha mhimili wa maiki, akatoa sauti tupu isiyo na neno, uwanja ukaitikia. Akaipandisha, wakaipandisha. Akaizungusha, wakajikanyaga kidogo, naye akaenda mbele. Ndiyo ngoma zetu zote: mmoja anaimba, wengi wanaitikia. Sisemi aliyatoa Unguja. Alipelekwa shule India akiwa mtoto, sina ushahidi wa hilo na siutafuti. Nasema tu kwamba kila nikiitazama picha ile, hakuna kitu ambacho bibi yangu asingekielewa.

Sasa onyesho lako la pili, lile la kichwa kuuma. Hapa ndipo mashabiki wengi, na mafundi wenzangu wasiopenda kuambiwa, wanapochanganya mambo. Raha haimo kwenye ukubwa wa sauti. Imo kwenye tofauti. Bendi nzuri ya metali inapiga ubeti kwa kujizuia, inakaa kimya nusu sekunde kabla ya kiitikio, ndipo inakuangusha. Mimi nikiwa kwenye mikisa nabana akiba ya desibeli 3 au 4 kwa ajili ya kiitikio cha wimbo wa mwisho. Ile nusu sekunde ya kimya ndiyo inayosimamisha vinyweleo. Mwili umeshajua kinachokuja, unakingoja. Fundi anayefungua kila kitu kuanzia wimbo wa kwanza hana tena pa kwenda, na dakika ya 20 sikio limechoka, linasikia ukuta.

Pia nashuku kilichokuumiza ni sauti za kati na za juu: magitaa yanayokata, matoazi, maiki inayotaka kupiga mbinja. Sauti ya mtoto mchanga iko huko, ya sahani kuvunjika iko huko, na sikio letu ni kali zaidi hukohuko, kwenye mitetemo 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde. Ukumbi wenye kuta za zege zinazorudisha sauti unazidisha balaa. Tena kuna siri ya aibu katika kazi yetu. Fundi akizeeka, sauti za juu ndizo zinazomtoka kwanza, naye anazipandisha ili azisikie. Ukiona matoazi yanakata kama wembe ukumbi mzima na yule bwana kwenye mikisa anatabasamu, mhurumie, na usogee.

Zamani tatizo lilikuwa kinyume. Agosti 1965 The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na amplifaya, mashine za kukuza sauti, za wati 100 ambazo kampuni ya Vox iliwatengenezea, na sauti za kuimba zikipitia vipaza sauti vya uwanja, vile vya kutangazia mechi za besiboli. Mayowe ya wasichana yaliwafunika. Wenyewe jukwaani hawakuwa wakijisikia. Mwaka huohuo kule London Pete Townshend na John Entwistle wa bendi ya The Who walimwendea Jim Marshall, mwalimu wa kupiga ngoma aliyekuwa na duka la vyombo, wakitaka kitu kikubwa zaidi ya alivyokuwa akitengeneza. Ikatoka amplifaya ya wati 100 na makasha ya spika yaliyopandana, ule ukuta mweusi unaouona nyuma ya kila bendi ya roki hadi leo. Siku hizi makasha mengi kwenye ukuta huo huwa matupu, ni urembo, lakini usimwambie mtu nimesema.

Kuanzia hapo ikawa mashindano. Bendi ya Deep Purple iliingizwa kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kwa desibeli 117 ilizopimwa London mwaka 1972. Tarehe 31 Mei 1976 The Who wakaipita kwenye uwanja wa Charlton, London: desibeli 126, umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika. Kumbuka desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila 10 zikiongezeka, nguvu ya mitambo inazidishwa mara kumi. Mwishowe Guinness waliliondoa shindano hilo kwa kuogopa kuwahimiza watu kujiua masikio. Waswahili tulishasema ngoma ivumayo haidumu. Townshend mwenyewe amesema hadharani mara nyingi kwamba hasikii vizuri na masikio yanamlia, ingawa lawama kubwa anaitupia hedifoni za studio. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alilazimika kuacha ziara katikati mwaka 2016 baada ya madaktari kumwambia achague kati ya jukwaa na kusikia.

Kinachokufa huko ndani ni nini? Ndani ya kile kijumba chenye umbo la konokono kuna seli zenye vinywele, kama 15,000 kila sikio, zilizojipanga kama vinanda: za sauti za juu mlangoni, za besi ndani kabisa. Wimbi likipita zinayumba kama mpunga kwenye upepo. Likipita kubwa mno zinalala. Zikiachiwa siku moja mbili tulivu nyingi huinuka, na hizo ndizo siku zako mbili za mluzi. Nyingine haziinuki, na kwa binadamu iliyokufa haioti tena. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston waliwapiga panya kelele za kiasi ambacho usikivu wao ulirudi wote, vipimo vikawa safi, lakini walipochunguza ndani wakakuta viunganishi vingi kati ya seli na mishipa ya fahamu vimekatika moja kwa moja. Kwa watu jambo hilo bado wataalamu wanabishana nalo. Mimi silisubiri. Sikio langu la kushoto, lililokaa miaka upande wa matoazi, lina nyenje ndani yake tangu nikiwa na miaka 30 na kitu. Mchana simsikii. Usiku taa zikizimwa, ndiye anayenilaza.

Ukitaka hesabu, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inatoa saa 8 kwa desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Onyesho la metali lenye wastani wa 103 linamaliza posho yako ya siku nzima kabla ya wimbo wa pili kwisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kumbi zisizidishe wastani wa 100, mtu awe anapima muda wote, kuwe na sehemu tulivu ya kupumzikia na watu wapewe kinga. Hiyo 100 naiona ni suluhu kati ya madaktari na wapenda muziki, maana hata nayo ukiikalia saa mbili umevuka mpaka.

Ndiyo maana nakuambia: ziba. Najua unachofikiri, kwamba ukiziba utapoteza ile raha. Rudia kusoma huko juu. Wimbi lenye urefu wa kuzidi Coaster halizuiwi na kipande cha sponji. Vizibo hukata sauti za juu kuliko besi. Kinachopungua ni matoazi na ile mikwaruzo iliyokuumiza kichwa, na kifua kitatetemeka vilevile. Kizibo chenye kichujio, kile cha mpira laini wanachotumia wanamuziki, kikikupunguzia 15, ile 103 inakuwa 88, na hapo una saa 4. Sakula nayo itapungukiwa kidogo, sikudanganyi, lakini kwenye onyesho la metali besi iliyobaki inatosha na kusaza.

Pamba na karatasi ya chooni havisaidii kitu cha maana. Sponji za bei rahisi zinafaa sana zikivaliwa sawasawa, na watu tisa kati ya kumi ninaowaona wamezining'iniza mlangoni mwa sikio kama hereni. Isokote kwa vidole hadi iwe nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Pitisha mkono mwingine juu ya kichwa, vuta ncha ya sikio juu na nyuma, ili njia inyooke. Ingiza, kisha ishikilie kwa kidole nusu dakika ivimbe ikiwa ndani. Sema jina lako kwa sauti: ukijisikia kama unaongea ndani ya mtungi, imekaa.

Na mahali pa kusimama. Usiende kuegemea uzio mbele ya spika za pembeni. Huko sauti za juu zinakupiga usoni. Njoo karibu na meza ya mikisa, hatua chache mbele yake, katikati ya ukumbi. Kila uamuzi wa sauti jioni ile mtu ameufanya akiwa amesimama hapo, kwa hiyo hapo ndipo muziki unapokaa kama ulivyokusudiwa. Isitoshe, sabufa za kushoto na za kulia zikikutana kwenye mstari wa katikati mawimbi yao yanajumlishana, na kwenye mstari huo besi inakuwa nzito kuliko mahali pengine popote. Utapata kifua kuliko wale walioingia saa kumi jioni kugombea mbele.

Baada ya onyesho, usipande basi ukavaa hedifoni. Lipe sikio siku mbili za utulivu hata kama halilii. Likilia zaidi ya hizo siku mbili ukiwa ulivaa vizibo, waone watu wa masikio hapo Leeds wakupime, na ukihifadhi karatasi ya kipimo hicho utakuwa na cha kulinganisha nacho miaka ijayo.

Tiketi ya Novemba usiiuze. Vizibo vinunue wiki moja kabla, ujizoeze kuvivaa chumbani, maana pale ukumbini kwenye meza ya kuuzia fulana huwa vinakwisha kabla bendi ya kwanza haijapanda. Na ukifika, kabla taa hazijazimwa, mwangalie yule fundi. Kama amevaa vyake, kaa karibu naye.